Mashine ndogo ya eksirei: udogo upi?

Kwenye baraza za Chake Chake na Wete, huku Pemba, na zaidi kwenye makundi ya WhatsApp, habari za "mashine ndogo za eksirei" hazikauki. Mmoja atakwambia kuna mashine ya kubeba mkononi inayopiga picha ya kifua hata uwanjani. Mwengine kasikia kwamba Wajerumani wana mtambo unaoenea chumbani lakini unafanya kazi ya mtambo wa ukubwa wa kitongoji. Wa tatu ameletewa sauti inayosema saratani ya titi siku hizi inatibiwa kwa kijieksirei kinachotiwa ndani ya jeraha, kwa hiyo hakuna haja tena ya kuvuka kwenda Dar es Salaam. Na wa nne, ambaye hakosekani barazani, anasema hiyo yote ni mionzi, na mionzi inaua.

Kila mmoja ana chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba watatu wa mwanzo wanazungumzia mashine tatu zisizohusiana, na neno "ndogo" lina maana tofauti kwa kila moja. Wa nne naye amekusanya vitu vyote akavitia kapu moja. Tuvitoe kimoja kimoja.

Eksirei ni aina ya mwanga. Iko ukoo mmoja na mwanga wa jua na mawimbi ya redio, ila chembe zake zimebeba nishati kubwa kiasi cha kupenya nyama ya mwili. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua mjini Würzburg mwezi wa Novemba 1895, na kabla mwaka haujamalizika alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana na pete yake kidoleni. Nyama inaipitisha eksirei kwa wepesi, mfupa unaizuia kwa sababu una kalisi nyingi, na chuma cha pete kinaizuia zaidi. Kinachofika upande wa pili ndicho kinachochora picha.

Kwa maneno mengine, picha ya eksirei ni kivuli. Umeme ukikatika usiku, washa tochi ya simu, iweke mbali kidogo, kisha tia mkono wako kati yake na ukuta. Utaona kivuli chenye kingo kali, kila kidole kimejitenga na mwenzake. Umeme ukirudi, fanya vilevile chini ya taa ndefu ya tyubu. Kivuli kimekuwa na ukungu, vidole vimeungana pembeni. Mkono ni uleule na ukuta ni uleule. Kilichobadilika ni ukubwa wa mahali mwanga unapotokea: tochi inatoa mwanga wake kwenye kitone, tyubu inautoa kwenye urefu wa zaidi ya mita. Daktari anayetafuta ufa mwembamba kwenye mfupa anahitaji kivuli cha aina ya kwanza, na kwa hiyo ndani ya mashine ya eksirei mwanga hutakiwa utoke kwenye kitone cha takribani milimita moja, pengine chini yake.

Hapo ndipo shida ya wahandisi inapoanzia, na shida hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata. Eksirei ya hospitali hutengenezwa ndani ya chupa iliyotolewa hewa yote. Upande mmoja kuna waya mwembamba unaopashwa moto mpaka elektroni, chembe ndogo mno za umeme, zinachomoka. Mmarekani William Coolidge ndiye aliyeiweka sawa chupa ya namna hii mwaka 1913. Upande wa pili kuna kipande cha metali iitwayo tangisteni. Kati yao hutiwa nguvu ya umeme ya volti 50,000 hadi 120,000 hivi, wakati soketi ya nyumbani kwako ina volti 230. Elektroni zinaruka, zinajigonga kwenye tangisteni, zinasimama ghafla, na katika kusimama huko sehemu ya nishati yao inatoka ikiwa eksirei.

Sehemu hiyo ni ndogo mno: haifiki hata asilimia moja. Iliyobaki yote inageuka joto. Sasa chukua joto hilo lote ulielekeze kwenye kitone cha milimita moja. Tangisteni huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 3,400, hakuna metali nyengine inayoishinda kwa hilo, na bado ingeweza kuunguzwa. Ndiyo maana kwenye mashine kubwa kipande hicho ni sahani inayozungushwa maelfu ya mara kwa dakika, ili elektroni zisipige pahala pamoja. Ukishapigwa picha hospitali, bila shaka umesikia: mtaalamu anasema "vuta pumzi, zuia," unasikia mvumo kama kitu kinaanza kuzunguka, halafu mlio mfupi, halafu "haya, pumua." Ule mvumo ni sahani inayoshika kasi. Eksirei yenyewe haina sauti wala harufu, na kwa picha ya kifua hudumu sehemu ndogo ya sekunde.

Kabla ya kufika kwenye udogo, tumalizane na yule wa nne. Eksirei ya mashine ipo pale tu volti zinapokuwa zimewashwa. Mtaalamu akiachia kitufe, imekwisha. Haibaki chumbani, haibaki kwenye shuka, haibaki mwilini mwako hata kidogo, na ukirudi nyumbani unaweza kumpakata mtoto wako bila wasiwasi. Umeme ukikatika hospitali nzima, mashine ya eksirei haina hatari kuliko kabati la nguo.

Hofu ya mionzi inayobaki haikuzuka bure, lakini mzizi wake uko kwengine. Kuna mashine za tiba zinazotumia madini yanayotoa mionzi yenyewe, usiku na mchana, uwashe usiwashe. Mashine za kobalti-60 ni za aina hiyo. Nguvu ya madini yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei, na lazima yafungwe ndani ya metali nzito ya risasi. Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, Brazil, watu waliingia kwenye jengo la kliniki iliyohamwa wakachukua mashine ya tiba ya namna hii, iliyokuwa na sizimu-137, wakaivunja wauze vyuma. Unga uliokuwa ndani ulikuwa unang'ara buluu gizani, watu wakaufurahia, wakagawiana. Wanne walikufa. Kisa kama hicho hakiwezi kutokea kwa mashine ya eksirei ya picha, hata uivunje kwa nyundo. Hii ni sababu mojawapo kubwa inayofanya nchi nyingi zipende kuachana na kobalti na kushika mashine za umeme.

Na kwa kuwa tupo hapo hapo: kupigwa picha hakutibu. Wapo wazee wanaosema "nilipigwa eksirei mgongo ukatulia." Mgongo ulitulia wenyewe, au kwa dawa walizopewa.

Sasa udogo wa kwanza, ule wa kubeba. Zipo mashine za eksirei zenye uzito wa kilo tatu na nusu, zinatumia betri, na umbo lake linamkumbusha mtu kamera kubwa. Inafungwa kwenye kigoda cha miguu mitatu, mgonjwa anasimama mbele ya sahani bapa ya kunasia picha yenye ukubwa wa sinia, na picha inatokea kwenye kompyuta ya mapajani baada ya sekunde chache. Hakuna filamu, hakuna chumba cha giza. Wamewezaje kuifanya nyepesi hivyo? Kwa kukubali kupungukiwa. Hakuna sahani inayozunguka, nguvu ni ndogo, na sahani ya kisasa ya kunasia picha ni nyepesi wa kuhisi kiasi cha kutosheka na mwanga mchache. Kifua kinafaa sana kwa mashine hizi kwa sababu mapafu yamejaa hewa na hayazuii kitu. Mgongo wa mtu mnene ni jambo jengine: utapata picha ya ukungu, na daktari mwenye busara atakurudisha kwenye mashine kubwa ya hospitali.

Kwa hiyo "ndogo" hapa haina maana ya "dhaifu haina faida", wala haina maana ya "ndogo haina madhara". Tuangalie vipimo. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisivati, na picha moja ya kifua humpa mtu takribani milisivati 0.1 au pungufu. Binadamu, kwa wastani wa dunia, hupokea milisivati 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kupigwa picha yoyote. Kwa hesabu hiyo, picha ya kifua ni sawa na wiki mbili hivi za kuishi tu, au chini ya hapo. Siti skani ya tumbo, ile eksirei inayopigwa kwa kuuzunguka mwili, ni hadithi nyengine, inafika milisivati nane hata kumi, na ndiyo maana haifai kuombwa kwa mazoea. Altrasaundi na MRI hazitumii eksirei kabisa.

Basi kwa nini mtaalamu anakimbilia nyuma ya ukuta, au anavaa aproni ya risasi? Kwa sababu wewe unapigwa picha moja, yeye anapiga siku nzima, mwaka mzima. Uwanjani hakuna ukuta, kinga yake kubwa inakuwa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia inabaki robo. Watoto wa skuli wanaojazana kuangalia mashine wanatakiwa warudishwe nyuma, na mwanamke mwenye mimba au anayedhani anayo amwambie mtaalamu kabla. Anayetaka kujua nani anasimamia haya, ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Mashine yoyote ya mionzi, kubwa au ya mkononi, inahitaji kibali.

Kwa maoni yangu, huu ndio udogo unaotuhusu sisi leo. Fikiria kisiwa cha Kojani au Kisiwa Panza. Mtu anayekohoa mwezi wa pili hapandi boti kwenda kupigwa picha mpaka hali imemzidi, na hapo ameshawaambukiza wa nyumbani. Mashine ya kilo tatu na nusu inapanda boti kumfuata yeye. Tatizo la pili lilikuwa nani asome picha hizo, maana madaktari bingwa wa picha ni wachache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya msomaji katika kuchuja wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, kwa watu wa umri wa miaka 15 na kuendelea. Neno "kuchuja" lishikwe vizuri: programu haisemi una kifua kikuu. Inasema mapafu yako yana kitu cha kuangaliwa, nawe unatoa makohozi yakapimwe maabara.

Kuna kundi jengine la watafiti linalotaka kuuondoa kabisa ule waya wa kupashwa moto. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill wametumia neli za kaboni, nyembamba kuliko unywele mara maelfu, ambazo zinaachia elektroni zikiwa baridi kwa kuvutwa na umeme tu. Chupa inakuwa ndogo, inawaka na kuzima papo hapo, na unaweza kupanga vyanzo vingi kwenye mstari mmoja, kila kimoja kikapiga kivuli chake kutoka pembe yake. Kompyuta inaviunganisha vivuli hivyo ikapata sura ya ndani kwa matabaka, bila mashine kuzunguka. Kampuni ya Micro-X ya Australia imeshatengeneza mashine ya hospitali kwa mtindo huu.

Udogo wa pili ni wa ajabu zaidi, na ndio unaochanganya watu kwa sababu mashine yake bado ni ya ukubwa wa chumba. Ndogo kulinganisha na nini? Na sinkrotroni. Hiyo ni pete kubwa ambamo elektroni huzungushwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, na kila zinapokata kona hutoa eksirei kali, iliyonyooka, inayoweza kuchujwa ikabaki rangi moja. Pete ya Grenoble, Ufaransa, ina mzunguko wa mita 844. Ile ya Jordan, iliyofunguliwa 2017, ni mita 133. Bara la Afrika halina hata moja.

Uzuri wa eksirei hiyo ni kwamba haitegemei kuzuiwa peke yake. Kivuli cha kawaida kinamwona anayeziba njia. Nyama laini haizibi sana, kwa hiyo uvimbe wa titi na nyama iliyouzunguka hutoka karibu rangi moja. Lakini eksirei ikipita kwenye nyama hupindishwa kidogo, kidogo sana, na mwanga uliopangika vizuri unaweza kuonyesha mpindo huo. Kule Trieste, Italia, wanawake walipigwa picha za matiti kwenye sinkrotroni kwa njia hii, na zikatoka bora kuliko za hospitali. Ila hakuna hospitali itakayojengewa pete ya mamia ya mita.

Njia ya mkato ni kugonganisha elektroni na leza. Elektroni zinakuja kwa kasi upande huu, mwanga wa leza unakuja upande ule. Mwanga unarudishwa nyuma ukiwa umeongezewa nishati mara elfu kumi, hata thelathini elfu. Mwanga mwekundu usioonekana kwa jicho unageuka eksirei. Elektroni za kazi hii hazihitaji nishati kubwa kama ya sinkrotroni, kwa hiyo pete inapungua mpaka mita chache. Mashine iliyotengenezwa na kampuni ya Lyncean ya Marekani ilifungwa karibu na Munich mwaka 2015, na Wafaransa wana yao huko Orsay iitwayo ThomX. Tena, tazama walivyolikwepa lile joto: hakuna metali inayopigwa, kwa hiyo hakuna cha kuyeyuka.

Mbona basi hatuzioni mahospitalini? Mwanga wake bado ni mchache kulinganisha na sinkrotroni, leza inataka kuelekezwa kwa usahihi wa kupindukia, na waangalizi wake ni wanafizikia, hakuna muuguzi atakayeiwasha asubuhi akaendelea na kazi zake. Hata hivyo wazo lilelile la kuona mpindo limeshateremka. Watafiti wa Munich hao hao, mwaka 2021, walionyesha picha za vifua vya wagonjwa zilizopigwa kwa chupa ya kawaida ya eksirei wakiongeza sahani zenye mistari myembamba mno njiani. Picha hizo zinaonyesha hali ya vifuko vya hewa vya mapafu, jambo ambalo picha ya kawaida haiwezi. Nadhani hiki ndicho kitakachotufikia kabla ya leza yoyote.

Tumebaki na udogo wa tatu, wa tiba, na hapa ndipo sauti za WhatsApp zinapoumiza watu, kwa sababu mgonjwa anaweza kuahirisha safari kwa kuziamini.

Kijieksirei cha kutia kwenye jeraha kipo kweli. Kilitumika mara ya kwanza London mwaka 1998. Ni chupa ndogo ya volti 50,000 yenye mdomo mrefu mwembamba, unaovishwa tufe. Daktari akishatoa uvimbe wa titi, tufe hilo linawekwa pale pale ulipokuwa uvimbe kwa nusu saa hivi, kisha jeraha linashonwa. Eksirei ya volti hizo haifiki mbali, inaishia milimita chache za nyama zinazoizunguka, na huko ndiko kunakotakiwa. Utafiti wa wanawake zaidi ya 2,000, ambao matokeo yake ya muda mrefu yalitolewa 2020, uliona kwamba kwa waliochaguliwa vizuri, wenye saratani changa, dozi hiyo moja haikuwa mbali na wiki kadhaa za mionzi ya kawaida. Wataalamu wanaendelea kubishana juu yake. Lakini hata wanaoipenda hawasemi inafaa kwa kila titi, sembuse saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania. Hiyo imejificha ndani, na inahitaji mionzi inayopenya.

Mionzi inayopenya ndiyo ya LINAC, mashine ya tiba ambayo wagonjwa wetu huvuka kuifuata hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Badala ya maelfu ya volti, hapa ni kiwango cha milioni sita. Elektroni husukumwa na mawimbi ya redio ndani ya bomba la shaba, na bomba lenyewe si refu. Wapo waliolifupisha mpaka likafungwa kwenye mkono wa roboti. Kisichofupika ni ukuta. Eksirei ya nguvu hiyo inahitaji kuzungukwa na zege la mita mbili hivi, na zege halijali mashine imekuwa ndogo kiasi gani. Ipo moja, ZAP-X, inayotumia nusu ya nguvu hiyo na imejifunika kinga yake mwenyewe, haihitaji chumba cha zege. Inatibu kichwa na shingo tu.

Halafu kuna umeme. Pemba inaupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Wa Unguja hawajasahau giza la Mei hadi Juni 2008, wala lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wao ulipopata hitilafu. Mashine ya picha ya betri inavumilia hali kama hiyo. LINAC haivumilii, kwa sababu ndani yake lazima pabaki bila hewa saa zote, hata pasipo na mgonjwa, na pampu za kazi hiyo zinakula umeme usiku kucha.

Utafiti uliochapishwa 2020 ulilinganisha mashine hizi katika Uingereza, Nigeria na Botswana. Vifaa vya kutoa hewa viliharibika katika hospitali za Afrika, na havikuharibika hata mara moja Oxford, Uingereza. Hitilafu zilizochukua zaidi ya saa moja kutengenezwa zilikuwa chache sana kwa idadi, lakini zilikula karibu robo tatu ya muda wote ambao mashine zilisimama. Kutokana na matokeo kama hayo, wahandisi wa CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, na vyuo vya Uingereza, pamoja na hospitali za Afrika, wanachora LINAC mpya katika mradi uitwao STELLA. Udogo hauko juu kwenye orodha yao. Wanataka mashine ambayo fundi wa hapa hapa anaweza kuifungua, akabadilisha kilichoharibika, na kuiwasha tena bila kusubiri mtu ashuke kwenye ndege.